Siku Moja ya Makumbusho Bagamoyo: Anzia Kaole, Malizia Forodhani

Anayekuja Bagamoyo kutoka Dar es Salaam hupanda gari stendi ya Makumbusho. Stendi hiyo imepewa jina la Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani yake, chenye nyumba za jadi za makabila ya Tanzania. Kutwa nzima makonda wanaliita jina hilo, na wengi wa wanaoitwa hawajawahi kuingia kwenye kijiji chenyewe. Huku kwetu ni hivyohivyo. Wapo watu waliozaliwa Dunda, kata ya hapa mjini Bagamoyo, wakazeekea Dunda, na magofu ya Kaole wanayajua kwa kuyasikia.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yao, na kwa yeyote anayeweza kutenga siku moja. Nimewatembeza ndugu na wageni mara nyingi, hadi nikajua watoto huchokea wapi, jua huuma wapi, na ni wapi mtu anahitaji kuachwa asimame kimya. Ukifuata mpangilio huu utapita kwanza kwenye mji wa kale uliokufa, halafu misheni, halafu njia ya misafara, na mwisho utatokea baharini.

Swali moja nakuomba uondoke nalo nyumbani asubuhi na uliulize mbele ya kila kitu: nani alikibeba? Bagamoyo ni mji wa mizigo. Mawe, pembe za ndovu, majora ya nguo, hata maiti, vilifika hapa mabegani mwa watu. Jina la mwenye mzigo utalikuta limeandikwa. La mbebaji itabidi ulitafute.

Hatua ya kwanza: panga siku yenyewe

Siku nzuri ni za katikati ya wiki, au Jumamosi. Ijumaa adhuhuri watu wengi huwa msikitini, kwa hiyo mwenyeji wako atakuacha kwa muda, na ni haki yake. Jumapili asubuhi kuna misa pale misheni. Ukienda saa hizo nenda kusali, siyo kupiga picha. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, njia za udongo huharibika na magofu huteleza.

Vaa nguo ya heshima inayofunika mabega na magoti, kwa sababu utaingia kwenye makaburi, msikiti wa kale na eneo la kanisa ndani ya saa chache. Kina mama beba kanga ya ziada, itafaa kwa jua, kwa kukalia na kwa kujitanda. Viatu viwe vya kutembelea, vilivyofungwa. Kofia na maji ya kunywa usiviache.

Beba kitambulisho cha taifa. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni kutoka nje, lakini mlangoni watataka kuona. Weka salio kwenye simu kwa malipo ya namba, na noti ndogondogo mfukoni kwa bajaji, maji na bahashishi.

Sasa habari ya mwongoza wageni. Mchukue, tena mchukue mwenye kitambulisho. Elewaneni bei kabla hamjapiga hatua, na muulize wazi kama ni bei ya kundi zima au ya kichwa. Mwambie mapema kwamba hamna haraka. Mwaka mmoja nilimlipa kijana, sitaji wa wapi, akatukimbiza vituo vyote kwa saa moja na nusu kama aliyeachwa na gari. Wageni wangu waliondoka na picha sitini na hakuna hata mmoja aliyeweza kunieleza alichokiona. Tangu siku hiyo huwa nasema: twende vinne tuvione, kuliko kumi na mbili tuvipite.

Hatua ya pili: Kaole, kabla ya saa nne asubuhi

Kaole iko kiasi cha kilomita 5 kusini mwa mji. Bajaji itakufikisha, na mwambie akungoje au muagane saa ya kurudi. Nasisitiza asubuhi kwa sababu magofu yako wazi, kivuli ni cha miti michache, na ikifika saa sita matumbawe yanarudisha joto usoni kama jiko.

Hapa palikuwa na mji wa Waswahili kuanzia karne ya 13. Zimebaki kuta za misikiti miwili, kisima, na makaburi ya mawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu juu yake. Nguzo hizo ndizo za kutazama kwanza. Walio hai walizipamba kwa mabakuli ya kaure kutoka China, yakapachikwa kwenye chokaa ikiwa bado mbichi. Jaribu kufikiri safari ya bakuli moja: limechomwa China, limevuka bahari ya Hindi jahazi kwa jahazi, limeteremshwa kwenye matope ya Kaole, kisha mtu amepanda juu akalibandika kwenye kaburi la mzee wake. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa mwaka 1958, na vipande vya vyombo vya aina hiyo utaviona kwenye nyumba ndogo ya makumbusho pale pale. Mimi humshauri mtu azunguke magofu kwanza, ndipo aingie kwenye hiyo nyumba. Ukianza na kigae kabatini, kinabaki kigae. Ukishaona kwenye nguzo tundu la duara lililoachwa na bakuli, kigae kinakuwa na kwao.

Ndani ya msikiti tafuta kibla, halafu tafuta mahali pa kutawadhia. Utaelewa jinsi maji yalivyochotwa kisimani na kuletwa. Simama hapo kidogo. Makaburi usiyakanyage wala usiyakalie ukipiga picha, maana mengine bado watu huja kuyazuru na kuomba dua. Ukiwakuta, sogea pembeni uwape nafasi.

Utaonyeshwa pia mbuyu wa kale na kuambiwa kwamba anayeuzunguka huongezewa umri. Uzunguke kama unapenda, watoto wanapenda sana. Lakini hapa ndipo pa kuanza desturi moja nzuri: mwenyeji akikueleza jambo zito, muulize kwa adabu limejulikanaje. Ni kwa maandishi, kwa kuchimbwa, au kwa masimulizi ya wazee? Yote yana thamani, ila hayana uzito mmoja, na mwenyeji hodari hufurahi kuulizwa.

Kabla hujaondoka tazama upande wa bahari. Unachokiona ni mikoko. Mikoko na tope ndivyo vilivyoiziba bandari ya Kaole, majahazi yakashindwa kukaribia, na biashara ikahamia kaskazini kidogo, Bagamoyo. Mji huu ulinyimwa maji ya kina, ukafa taratibu.

Hatua ya tatu: misheni, na waliombeba Livingstone

Rudi mjini, uende eneo la misheni Katoliki. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 kutoka Zanzibar, wakajenga misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika bara la Afrika Mashariki, na wakaanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Makumbusho yamo kwenye nyumba ya masista ya mwaka 1876.

Ingia na utulie. Kuna picha za zamani, nyaraka, na minyororo ya watumwa. Hapo kwenye minyororo, ukiwa na watoto, usiwapitishe haraka kwa kuona aibu, wala usiwatishe. Wangu niliwaambia tu: hiki kilifungwa kwa mtu aliyekuwa na jina na mama. Walinyamaza wenyewe. Usipige picha kabla hujaomba ruhusa, na mwanga wa kamera uuzime.

Nje kuna mbuyu uliopandwa 1868. Tazama shina lake kwa makini utaona kipande cha mnyororo kimemezwa na mti. Inasimuliwa kuwa mama mmoja wa Kizungu aliyehudumu misheni, Madame Chevalier, alikuwa akifungia punda wake hapo, mnyororo ukasahaulika, mbuyu ukanenepa juu yake.

Halafu nenda kwenye mnara wa kanisa la kwanza. Watu wanauita mnara wa Livingstone, na hapa lile swali letu linadai jibu. David Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, Abdullah Susi na James Chuma wakiwa mbele, waliuzika moyo wake kulekule chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba. Walitembea miezi kama tisa na maiti mabegani. Wengine walifia njiani. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, mwili ukalazwa hapa misheni, kisha ukavushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey mwezi Aprili.

Nakuomba ukiwa chini ya mnara huo utaje majina yao kwa sauti: Susi, Chuma. Ukiwa na wanafunzi waambie wayaandike daftarini. Mnara una jina la aliyebebwa.

Hatua ya nne: Caravan Serai na ndoo ya maji

Kutoka misheni njoo Caravan Serai, mahali misafara ilipofikia na kujiandalia safari. Ndiyo lango la biashara yote ya karne ya 19. Kutoka hapa njia ilikwenda Tabora hadi Ujiji kwenye ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Kurudi pwani waliteremsha pembe za ndovu, ambazo huko Ulaya na Marekani ziligeuzwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Kwenda bara walipandisha shanga, waya, bunduki na nguo. Nguo ya pamba iliyotoka Marekani wazee wetu waliiita merikani, na jina hilo limo vinywani mwetu hadi leo. Ukiwa na bibi muulize merikani ni nini, usimalizie wewe.

Watu wengi huja hapa wakidhani wote waliopita walikuwa watumwa. Watumwa walipita, na hilo halifai kupunguzwa. Lakini waliobeba pembe kwa maelfu walikuwa pia wapagazi wa ujira, hasa Wanyamwezi, watu waliojua kazi yao, waliodai malipo yao na kugoma walipodhulumiwa. Ukiwasahau unawaibia mara ya pili. Hata jina la mji lina pande hizo mbili: wengine husema ni mtumwa aliyeubwaga moyo wake hapa kabla ya kuvuka bahari, wengine husema ni mpagazi aliyefika mwisho wa safari akaubwaga moyo utulie. Sikiliza yote mawili.

Kwa watoto, na hata kwa watu wazima, nina zoezi ambalo halijawahi kushindwa. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20. Mpe kijana wako ndoo moja aibebe kutoka kona moja ya uwanja hadi nyingine. Akiitua, mwambie aongeze nusu ya ndoo nyingine, kisha aende Ujiji. Binamu yangu mwenye miaka kumi na tano, aliyekuwa kwenye simu tangu Kaole, aliiweka simu mfukoni hapo.

Hatua ya tano: kula

Usitembee mji mkongwe na njaa. Kwa mama ntilie utapata wali au ugali kwa samaki wa siku hiyo, na ukiwa na bahati pweza wa nazi. Pumzika mpaka jua lipungue, saa tisa hivi.

Hatua ya sita: mtaa wenyewe ndio ukumbi

Hapa nataka upunguze mwendo kuliko kote. Mji mkongwe hauna kabati la kioo. Vitu vyake vipo mlangoni na ukutani, na vingine watu wanaishi ndani yake, kwa hiyo piga hodi, salimia, omba ruhusa ndipo unyanyue kamera.

Anza na milango. Mlango wa nakshi una mbao mbili, katikati kuna mfaa, pembeni miimo, juu kizingiti. Soma kuanzia chini kwenda juu. Pembeni mara nyingi utaona mnyororo uliochongwa, na chini mawimbi au samaki. Juu kuna maua. Vifundo vya shaba vilivyochongoka vinaonyesha mkono wa mafundi wa Kihindi. Mlango ulisema mwenye nyumba ni nani kabla hajatoka. Nje kuna baraza la mawe, pa kuongelea wageni wasiolazimika kuingia ndani.

Sasa kuta. Siku moja nilimleta mama mkubwa kutoka Mlingotini. Alikuwa amechoka na alikataa kuingia mahali pengi. Kijana aliyetuongoza alimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitika, "Marahaba mjukuu wangu," akakaa barazani. Kijana akaanza kutueleza kwamba nyumba zimejengwa kwa matumbawe na chokaa. Mama mkubwa akapapasa ukuta uliobanduka, akamkatisha kwa upole: "Chokaa unajua inavyochomwa, baba?" Kijana hakujua. Basi akatueleza alivyomwona baba yake. Magogo yanapangwa duara kwenda juu, matumbawe yanarundikwa juu yake, moto unawashwa unawaka usiku kucha. Kikibaki kifusi cheupe, kinaachwa kinyeshewe na kupoa kwa miezi, ndipo kinachanganywa na mchanga. Dari zikabebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Kijana alitoa simu akamrekodi. Kwa hiyo nasema kwa moyo wote, lete mzee. Mwekee kiti, mpunguzie mwendo, halafu umwache aseme.

Majengo matatu usiyapite. Ngome Kongwe ni nyumba ya mawe ya mwaka 1860. Ilianza ikiwa ya mfanyabiashara, ikaingia mikononi mwa Sultani wa Zanzibar, kisha mikononi mwa Wajerumani. Boma la Wajerumani ni la 1897, na inafaa ujue kwamba lilipojengwa Bagamoyo ilikuwa imeshapoteza makao makuu ya utawala wao, yaliyohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. La tatu ni jengo la shule la ghorofa lililotolewa na Sewa Haji Paroo, tajiri wa asili ya Kihindi aliyetajirika kwa kuiandalia misafara wapagazi na vifaa. Alitoa kwa sharti kwamba watoto wa kila rangi wasome humo. Kama umewahi kulaza mgonjwa Muhimbili wodi ya Sewahaji, jina ni lake.

Hatua ya saba: sanaa ya walio hai

Ukitazama vya kale tu utadhani mji umelala. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ilianza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, na wanafunzi wake wanafanya mazoezi ya ngoma, maigizo na muziki karibu kila siku ya masomo. Uliza getini kama kuna onyesho au mazoezi ya kutazama. Kila mwaka kuna tamasha, na ukiweza panga safari yako iendane nalo. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyeipeleka ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, duniani kote, alifundisha hapa na akafia Bagamoyo mwaka 2003.

Kwenye maduka ya picha mtaani fanya kama ungefanya kwenye ukumbi mkubwa wa sanaa. Zunguka mara moja bila kuuliza bei. Rudi kwenye picha moja iliyokuvuta, simama mbele yake dakika mbili, sogea karibu uone brashi, rudi nyuma uone yote. Halafu uliza: nani kaichora, yuko wapi? Kama ni ya mtindo wa Tingatinga, kumbuka Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya hadibodi. Leo nyingi ni za kitambaa. Omba mchoraji atie saini mbele yako. Bei ongeeni kwa utu, kazi ya siku tatu usiitake kwa bei ya soda.

Ukinunua, usikunje. Viringisha kwenye bomba la karatasi ngumu, upande wenye rangi ukiwa nje ili usipasuke, funika kwa kanga. Ukifika nyumbani ifungue siku hiyohiyo.

Hatua ya nane: forodhani, saa kumi na moja

Maliza pwani. Kuna jengo la forodha la Wajerumani, na mnara wa kumbukumbu mahali walipowanyonga watu waliopinga utawala wao. Kiongozi wa upinzani ule, Abushiri bin Salim, yeye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Soma maandishi, simama kidogo.

Halafu geuka uwatazame walio mbele yako. Mashua zikiingia saa hizo, vijana huingia majini hadi kifuani, wanapokea samaki, wanatoka nao wakiwa na matenga begani, maji yanawatiririka mgongoni, na mnadi anaita bei. Wasalimie. Ukitaka picha, omba. Na kabla hawajarudi majini, waulize majina yao.

Stendi uwe umefika kabla ya magharibi.